Programu ya kuchora kwa mkandarasi mdogo wa umeme: jinsi ya kuchagua ya bei nafuu utakayodumu nayo

Paneli ya pampu tuliyoifunga kwenye kisima cha shule moja ilitusumbua baada ya miaka mitatu. Kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha pampu, ilikuwa imeungua, na fundi aliyeitwa kabla yetu alikuwa amechomoa waya nne akaziacha zinaning'inia bila namba. Mchoro tulikuwa nao. Ulikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, umechorwa vizuri, kwa programu niliyokuwa nimeipakua kwa majaribio ya siku 30. Siku hizo zilikuwa zimekwisha zamani, na programu ikakataa kufungua faili mpaka nilipe ada ya mwaka mzima. Hakuna programu nyingine niliyokuwa nayo iliyoweza kulisoma lile faili. Tukakaa kutwa nzima juani tukifuatilia waya mmoja mmoja kwa testa, na watoto wa shule wanapita na ndoo wakichota maji mbali.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa programu yoyote ya kuchora ni moja: nikiacha kulipa, au mtengenezaji akibadili masharti, kazi yangu nitaifungua? Bei naiuliza baadaye. Mwongozo huu nimemwandikia mkandarasi wa kiwango changu: mafundi wawili mpaka sita, laptop moja au mbili, kazi za nyumba, maduka, shule, zahanati, na mara mojamoja paneli ya pampu au ya mashine ya kusaga. Mifano ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakofunga umeme.

Hatua ya 1: Toa kazi za mwaka uliopita uzikague

Kabla hujapakua chochote, shusha mafaili ya kazi za miezi 12 iliyopita, uandike kila kazi ilihitaji mchoro gani. Nilipofanya hivyo niliona kwamba karibu zote zinarudi kwenye aina nne. Ya kwanza ni ramani ya jengo iliyowekewa taa, swichi, soketi, feni na njia za paipu. Ya pili ni mchoro wa mstari mmoja, unaoonyesha umeme unavyotoka kwenye mita ya LUKU kwenda meni swichi, kisha DB (sanduku la breka linalogawa umeme), pamoja na ukubwa wa breka na waya. Ya tatu ni mchoro wa udhibiti wa paneli: kontakta, taima, ovalodi (kinga ya mota inayozidiwa mzigo), vitufe, swichi ya boya. Ya nne ni jedwali la saketi linalobandikwa ndani ya mlango wa DB, na hilo halihitaji programu ya kuchora kabisa, jedwali la Excel au LibreOffice Calc linatosha.

Zoezi hili lina faida moja kubwa kuliko nyingine zote. Linakuonyesha kwamba ramani ya jengo na mchoro wa paneli ni kazi mbili tofauti, hata kama zote zinaitwa "mchoro wa umeme". Kwenye ramani, vipimo ndivyo kila kitu: ukuta wa mita 4.2 lazima uwe mita 4.2, la sivyo hesabu ya waya na paipu itakuwa ya kubahatisha. Kwenye mchoro wa paneli vipimo havina maana. Kinachotakiwa ni mantiki: koili ya kontakta K1 iko ukurasa wa 2, kontakti zake, yaani swichi zinazovutwa na koili hiyo, ziko ukurasa wa 3 na wa 4, na mchoro uweze kukwambia hivyo bila wewe kukumbuka kichwani. Programu iliyozaliwa kwa kazi ya kwanza huwa nzito kwa kazi ya pili. Watu wengi hununua programu moja ya gharama ili ifanye zote, kumbe mbili za bure zingewafaa zaidi.

Hatua ya 2: Fuatilia faili linakotoka na linakokwenda

Sasa andika nani anakutumia mafaili na nani unamtumia. Mwenye nyumba anataka PDF afungue kwenye simu. Mkaguzi anataka karatasi iliyochapwa, ina jina la kampuni na namba ya leseni. Kwetu leseni hizo zinatolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Hao wawili hawana shida, maana kila programu hutoa PDF. Shida huanzia kwa msanifu majengo na mhandisi mshauri, kwa sababu wao hutuma DWG.

DWG ni aina ya faili ya AutoCAD, programu ya kampuni ya Marekani ya Autodesk iliyoanza kuuzwa mwaka 1982. Imeenea kiasi kwamba msanifu akisema "nakutumia ramani" ana maana DWG. Lakini DWG si moja, ina matoleo, na programu ya bei nafuu inaweza kusoma toleo la zamani ikashindwa la karibuni. Kuna njia rahisi ya kujua umeletewa toleo gani bila kuwa na AutoCAD. Fungua nakala ya faili kwa Notepad. Utaona maandishi yasiyosomeka, ila herufi sita za mwanzo zinasomeka. AC1015 ni toleo la 2000, AC1018 ni la 2004, AC1021 la 2007, AC1024 la 2010, AC1027 la 2013, na AC1032 ni la 2018. Ukimaliza kusoma funga bila kuhifadhi.

Mara nyingi tatizo hili linakwisha kwa ujumbe mmoja. Mimi huandika hivi: "Habari za kazi, msanifu. Ramani nimeipata, asante sana. Naomba pia nakala ya DXF toleo la 2007, ya mpango wa sakafu tu, niiwekee umeme." DXF ni ndugu wa DWG aliyetengenezwa kwa ajili ya kubadilishana kazi kati ya programu, na karibu kila programu ya kuchora huisoma. Kwa msanifu hiyo ni kazi ya dakika moja, na sijawahi kukataliwa. Ikiwa msanifu hapatikani, ipo programu ya bure inayoitwa ODA File Converter, ya umoja wa Open Design Alliance. Inageuza DWG kuwa DXF na DXF kuwa DWG, hata folda nzima kwa mara moja. Isakinishe leo hata kama hujaamua jambo lingine lolote.

Halafu kuna upande wa pili wa njia, ambao ndio unaoamua kama utalipa au hutalipa: je, washauri wanakudai urudishe DWG iliyorekebishwa? Kama ni mara mbili kwa mwaka, kigeuzi kinatosha. Kama ni kila wiki, soma hatua inayofuata kwa makini.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka mitano

Kwa bei za Marekani, AutoCAD kamili hukaribia dola 2,000 kwa mwaka kwa mtumiaji mmoja, na ndugu yake mdogo AutoCAD LT ni kama dola 500. Ni kodi, unalipa kila mwaka. Leseni za kununua mara moja Autodesk iliacha kuziuza mwaka 2016. Kwa hiyo LT kwa miaka mitano ni dola 2,500 kwa mtu mmoja, dola 5,000 kwa wawili. Zidisha kwa kiwango cha dola cha leo, uweke namba hiyo pembeni ya faida uliyobakiwa nayo kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Pesa ya mtu mmoja peke yake inanunua mega nzuri (kipima insulesheni ya waya) na kipima ethi, vifaa ambavyo kampuni nyingi ndogo bado zinaazima.

Bure nayo ina maswali yake. DraftSight ilikuwa programu ya bure iliyopendwa na wachoraji duniani kote. Mwaka 2019 watengenezaji wake, Dassault Systèmes, walitangaza mwisho wa toleo la bure, na baada ya Desemba 31, 2019 matoleo yale ya zamani yaliacha kufanya kazi. Aliyekuwa na kazi zake kwenye DWG alihamia kwingine akaendelea. Ndiyo maana natofautisha bure ya kampuni na bure ya chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ya kampuni ni hisani inayoweza kuondolewa. Ya chanzo huria, toleo ulilonalo kwenye flashi litaendelea kufunguka maadamu una kompyuta ya kuliendesha.

Kuhusu kraki, naomba tuseme ukweli, maana laptop nyingi za mafundi zinauzwa zikiwa na AutoCAD iliyovunjwa kufuli. Maelekezo ya kuisakinisha huanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi. Hapo umemfungulia mtu usiyemjua mlango wa kompyuta yenye akaunti yako ya benki, mikataba ya wateja na picha za watoto wako. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Nawe unapopeleka kazi kwa taasisi kubwa unajiweka mahali pabaya ukiulizwa risiti ya programu. Wakati njia halali za bure zipo, sioni sababu ya kubeba mzigo huo.

Kama hatua ya 2 imeonyesha unahitaji DWG kila wiki, tafuta programu inayoandika DWG yenyewe na inayouzwa kwa leseni ya kudumu. ZWCAD, GstarCAD, BricsCAD na progeCAD zimekuwa zikiuza leseni za namna hiyo, kwa gharama ya chini sana kuliko miaka mitano ya AutoCAD kamili. Mwulize wakala mambo matatu kabla ya kulipa. Laptop ikiibiwa, leseni inahamishwaje? Toleo nililonunua litafanya kazi bila intaneti? Nisiponunua maboresho mwakani, kitakachozimika ni nini? Majibu yaje kwa maandishi.

Hatua ya 4: Chagua chache za kujaribu

Kwa ramani za majengo, anza na LibreCAD. Ni ya bure, ya chanzo huria, inachora kwa vipimo viwili tu, na ni nyepesi kiasi kwamba laptop ya zamani yenye RAM ya GB 4 inaiendesha bila kulalamika. Faili lake la kawaida ni DXF, maana yake kazi yako tangu siku ya kwanza iko kwenye aina ambayo programu nyingine zinaisoma. Udhaifu wake nauweka wazi: inasoma baadhi ya mafaili ya DWG lakini haihifadhi DWG, maandishi ya msanifu hubadilika umbo kwa sababu inatumia fonti zake, na haina ule mpangilio wa kuweka madirisha kadhaa ya skeli tofauti kwenye karatasi moja. Kwa nyumba na maduka, mapungufu hayo nayaishi bila shida.

QCAD ndiyo mama yake. LibreCAD ilitokana na toleo la bure la QCAD. Toleo la kulipia, QCAD Professional, linasoma na kuandika DWG, na bei yake ni yuro makumi machache, unalipa mara moja. Kwa maoni yangu hakuna pesa ndogo inayomfaa mkandarasi mdogo kuliko hiyo, kama ana kadi ya kulipia mtandaoni. Toleo la majaribio hujifunga kila baada ya dakika 15, lakini dakika 15 zinatosha kuona kama linafungua ramani za msanifu wako.

Kwa paneli na michoro ya mstari mmoja, QElectroTech. Hii ningependa kila fundi wa paneli aijue. Ni ya bure na ya chanzo huria, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na imetengenezwa kwa ajili ya umeme toka mwanzo. Inakuja na maktaba kubwa ya alama: breka, kontakta, mota, taima, vitufe, tamino. Ukivuta waya kutoka alama moja hadi nyingine, inaelewa kwamba huo ni waya na inaweza kuupa namba yenyewe. Koili unaiunganisha na kontakti zake, kisha chini ya koili inaandika kila kontakti iko ukurasa gani. Orodha ya vifaa unaitoa kwa CSV ukaifungua kwenye Excel kuandaa kotesheni. Alama ulizotumia zinahifadhiwa ndani ya faili la mradi lenyewe, kwa hiyo mwenzako akilifungua kwenye kompyuta nyingine anaona kila kitu. Na faili hilo ni maandishi ya XML. Hata programu isipokuwepo, Notepad inaonyesha majina ya vifaa na waya. Lipo pia toleo la Windows lisilohitaji kusakinishwa, unatembea nalo kwenye flashi. Kwenye ramani ya jengo lakini usiitumie, haikutengenezwa kwa skeli.

Nyingine nazitaja upesi. diagrams.net inafaa kwa mchoro wa haraka wa mstari mmoja wa kuambatanisha na kotesheni. KiCad ni nzuri sana, lakini ni ya bodi za elektroniki. Usipotezwe na neno "umeme" kwenye maelezo yake. FreeCAD ni ya vitu vya pande tatu, waachie wachomeleaji wanaobuni masanduku ya paneli.

Hatua ya 5: Zijaribu kwa kazi uliyokwisha kuimaliza

Usijaribu programu kwa kazi mpya yenye tarehe ya mwisho. Chukua nyumba moja na paneli moja ulizokwisha kukabidhi, ambazo unazijua kwa moyo, utenge siku mbili. Video za mtandaoni hazitakuonyesha yale yatakayotokea kwenye siku hizo mbili.

Siku ya kwanza ni ya nyumba. Fungua faili la msanifu, kisha pima upana wa mlango wa chumba kwa kifaa cha kupimia cha programu. Ikisoma 900, mchoro uko kwenye milimita. Ikisoma 0.9, uko kwenye mita. Ikisoma namba isiyoeleweka, simama hapohapo urekebishe kabla ya kuweka hata taa moja, maana kosa hili likigunduliwa mwishoni kila kitu kinarudiwa. Kama ulichopewa ni picha ya ramani ya karatasi, iingize kama picha, pima ukuta unaojua urefu wake, kisha gawanya urefu wa kweli kwa ulichopima. Ukuta wa milimita 4,200 ukisomeka 317, ikuze picha kwa 13.249. Pima tena ukuta mwingine kuhakikisha, hasa wa upande wa pili, kwa sababu picha ya simu hupinda.

Kisha zima leya za fanicha, vigae na vipimo. Leya ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa juu ya ramani. Unaweza kuficha moja bila kugusa nyingine. Weka taa, swichi na soketi, chora njia, halafu chapa kwenye A3 kwa skeli ya 1:100. Chukua rula. Ule ukuta wa mita 4.2 uwe milimita 42 kwenye karatasi. Ukiwa 40, printa imepunguza ukurasa ili utoshee. Zima mpangilio huo, na ukichapia steshenari mwambie mhudumu asiuguse. Fundi anayepima paipu kwa rula juu ya karatasi iliyopunguzwa atakununulia mzigo pungufu.

Siku ya pili ni ya paneli. Chora stata ya sta-delta, ile inayowasha mota kubwa kwa hatua mbili: kontakta kuu K1, ya delta K2, ya sta K3, taima, ovalodi, na kufuli ya kuzuia K2 na K3 zisiingie pamoja. Saketi ya nguvu iwe ukurasa wa 1, ya udhibiti ukurasa wa 2. Sasa badilisha jina la K1 liwe K11. Je, kontakti zake zote zimefuata, au inabidi uziwinde moja moja? Hamisha sehemu ya udhibiti kwenda ukurasa wa 3. Je, namba za marejeo zimebadilika zenyewe? Hapa ndipo utaona kwa nini kuchora paneli kwa programu ya ramani kunachosha: inaweza, lakini kila rekebisho ni lako la mkono, na rekebisho lililosahaulika huunguza mota.

Ukiwa katikati ya mchoro ambao hujauhifadhi, ua programu kwa nguvu kupitia Task Manager, kama umeme unavyokatika. Ifungue tena uone imekurudishia nini. Weka kujihifadhi kila dakika 5 kama mpangilio huo upo.

Mwisho, peleka mafaili kwenye kompyuta nyingine isiyo na intaneti, uyafungue. Programu iliyoshindwa jaribio hili mimi siichukui, hata iwe na sifa gani.

Na umpe fundi wako kijana, yule aliyemaliza VETA juzi, afanye zoezi lilelile bila wewe kumsimamia. Kama ofisi nzima inamtegemea mtu mmoja kuchora, siku akiugua kazi zinalala.

Hatua ya 6: Andaa kiolezo chako mara moja

Ukishachagua, usiingie kwenye kazi moja kwa moja. Tumia asubuhi moja kutengeneza faili tupu ambalo kila kazi itaanzia. Kwenye ramani, weka leya zako: UMEME-TAA, UMEME-SOKETI, UMEME-NJIA, UMEME-MAANDISHI. Leya za msanifu zifungie kufuli na kuzipaka kijivu, ili umeme uonekane na ukuta usisogezwe kwa bahati mbaya. Tengeneza alama zako za taa, soketi na swichi kama bloku, yaani alama inayochorwa mara moja ikatumika mara mia. Fuata alama za IEC 60617, kiwango cha kimataifa, ndizo mhandisi yeyote anazozisoma, lakini bado weka ufunguo wa alama pembeni ya karatasi, kwa ajili ya fundi aliyejifunzia kazi mtaani.

Kisanduku cha maelezo kiwe na jina la kampuni, namba ya leseni, jina la kazi, skeli, tarehe, aliyechora, aliyekagua na namba ya rekebisho. Jina la faili liseme kila kitu: mwaka, namba ya kazi, mahali, paneli, rekebisho. Kwa mfano 2025-014_Zahanati_DB1_R02. Achana na "mchoro mpya wa mwisho kabisa".

Kila rekebisho lihifadhi mara tatu: faili la programu yenyewe, DXF, na PDF. Kwenye folda ya mwaka huo weka pia faili la kusakinishia programu, toleo lilelile ulilotumia. Nafasi inayochukua ni ndogo. Mimi, ile PDF peke yake ingeniokoa kutwa nzima pale kisimani. Nakala moja ibaki kwenye diski ya nje nyumbani kwako, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia.

Hatua ya 7: Jua programu haitakufanyia nini

LibreCAD na QElectroTech zinachora. Hazitakuambia kwamba waya ni mwembamba. Hesabu ya kushuka kwa volti ifanye mwenyewe kwenye jedwali. Tuchukue mashine ya ampea 20 iliyo mita 40 kutoka DB, umeme wa fezi moja wa volti 230. Waya wa shaba wa 2.5 mm² hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa majedwali ya kanuni za Uingereza za BS 7671 ambazo wengi wetu tunafundishwa. Zidisha 18 kwa 20 kwa 40, gawanya kwa 1,000, unapata volti 14.4. Kikomo cha asilimia 5 ni volti 11.5, kwa hiyo haufai. Wa 4 mm² hupoteza milivolti 11: volti 8.8, unapita. Kwa taa kikomo ni asilimia 3, yaani volti 6.9. Andika fomula hiyo kwenye Excel mara moja, kisha kila urefu unaoupima kwenye ramani yako uingize hapo, bila kusahau urefu wa waya unaoshuka ukutani na kupanda darini. Ukubwa wa breka na joto la mahali waya unapopita navyo vina hesabu zake, usiishie kwenye volti tu.

Kwa hesabu ya mwanga, ikiwa unafanya darasa au wodi, tumia DIALux evo ya kampuni ya DIAL ya Ujerumani. Toleo lake la msingi ni la bure, na watengenezaji wa taa wengi hutoa mafaili ya taa zao kwa ajili yake. Inataka kompyuta yenye nguvu zaidi, kwa hiyo sisi tunaiweka kwenye laptop moja tu.

Hatua ya 8: Ipeleke saiti

Ukituma mchoro kwa WhatsApp, utume kama faili la PDF, usiupige picha. Picha hupunguzwa ubora, na namba ya waya 13 ikasomeka 18. Chapa nakala moja ya karatasi kwa msimamizi wa saiti, umpe na kalamu nyekundu. Kila kilichofungwa tofauti na mchoro akiandike siku ileile: soketi iliyosogezwa na mama mwenye nyumba, paipu iliyozungushwa nguzo. Karatasi hiyo yenye wino mwekundu ndiyo inayorudi ofisini kuwa rekebisho la mwisho, na malipo ya kumalizia ya mafundi hayatoki mpaka irudi.

Kwa paneli, chapa kurasa zote kwa A4, uzitie kwenye mfuko wa nailoni mgumu, uubandike ndani ya mlango. Chini kulia andika kwa kalamu isiyofutika jina la faili na namba ya simu ya ofisi. Paneli ya kile kisima cha shule sasa ina mfuko huo.